Simu, Runinga na Moyo Uliotulia: Mwongozo wa Wiki 4 kwa Mkristo Anayeanza

Nafundisha kipaimara kwenye usharika mmoja hapa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa maswali ninayoulizwa baada ya ibada ni yale yale. Mzazi ananivuta pembeni: "Mwalimu, kuangalia tamthilia ni dhambi?" Kijana anauliza kama afute TikTok. Mama mmoja mjane, mtu mzima, alinijia ameishika simu kwa ncha za vidole kama anayeshika sufuria ya moto, akaniambia: "Mwanangu, tangu wanangu waninunulie hii simu, silali."

Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikaona heri niandike. Swali la "ni dhambi au si dhambi" lina mahali pake, lakini kwa anayeanza napenda litanguliwe na hili: ukishazima, moyo wako unabaki na nini? Unaweza kushinda unaangalia vitu ambavyo hakuna mchungaji wa kuvikemea, ukalala moyo unakudunda. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba vitu vyote ni halali, bali si vitu vyote vifaavyo (1 Wakorintho 10:23). Kazi ya wiki hizi 4 ni kuvijua visivyokufaa wewe, kuviondoa, na kuweka kitu kingine mahali pake.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Daftari dogo na kalamu. Usiandike kwenye simu. Ukiifungua simu ili uandike, utajikuta nusu saa baadaye uko kwenye status za watu.
- Biblia ya karatasi. Ya kwenye simu ni nzuri safarini, ila kwa kazi hii itakurudisha kule kule unakojaribu kutoka.
- Saa ya mezani yenye kengele. Zipo za bei nafuu sana madukani na kwa wamachinga. Bila hii, hatua ya 3 haitafanyika.
- Mahali pa kuchajia simu nje ya chumba unacholala: jikoni, sebuleni, koridoni.
- Mtu mmoja wa kukuuliza kila Jumapili umefikia wapi. Mwenza wako, rafiki wa kwaya, mzee wa kanisa wa mtaa wenu. Awe mtu unayeweza kumwambia ukweli bila kuupamba.

Chagua wiki ya kawaida ya kuanzia. Ukiwa na msiba, mitihani au harusi ya ndugu, subiri ipite.

Hatua ya 1: Andika siku 7 bila kubadilisha chochote

Kwa wiki nzima endelea kuishi unavyoishi, ila kila unapomaliza kuangalia, kusikiliza au kuperuzi, andika mstari mmoja wenye mambo manne: saa ngapi, kitu gani, dakika ngapi, na umebaki vipi moyoni. Huu ni ukurasa wa daftari langu mwenyewe, wiki niliyoanza:

*Jumanne.*
*Saa 11:40 alfajiri. Status za watu. Dakika 25. Nimejiona niko nyuma ya wenzangu. Sikusali.*
*Saa 7 mchana. Kwaya, YouTube. Dakika 15. Nimefua nikiimba.*
*Saa 2 usiku. Taarifa ya habari. Dakika 45. Sawa, nina cha kuombea.*
*Saa 5:10 usiku. Klipu ya ajali ya basi, grupu la ukoo. Dakika 2. Nimeendelea kuiona mpaka saa 8.*

Hebu tazama mstari wa mwisho. Dakika 2 zilikula usingizi wa karibu saa 3. Nilikuwa najisifu kwamba sikai sana kwenye simu, kumbe nilikuwa nahesabu dakika tu, na moyo ulikuwa na hesabu yake. Ndiyo maana safu ya nne, ya "nimebaki vipi", ndiyo yenye kazi. Usiiache tupu hata siku moja.

Simu yako pia inaweka hesabu. Kwenye simu nyingi za Android, fungua Mipangilio kisha tafuta Nidhamu Dijitali, utaona kila programu imekula muda gani leo. Kwenye iPhone sehemu hiyo inaitwa Screen Time. Angalia jioni, linganisha na daftari. Wengi wanashtuka hapa. Usijilaumu, andika tu.

*Kosa la kawaida:* kujirekebisha siku ya pili kwa sababu ya aibu. Ukifanya hivyo daftari litakudanganya, na wiki ya 3 utakuwa unatibu ugonjwa usio wako.

Hatua ya 2: Pitia daftari ukiwa na Wafilipi 4:8

Jumapili mchana, baada ya chakula, kaa mahali patulivu. Fungua Wafilipi 4, soma mstari wa 4 hadi wa 9 kwa sauti. Paulo aliandika maneno haya akiwa kwenye vifungo, habari za kumsumbua alikuwa nazo tele. Kisha pitia kila mstari wa daftari kwa maneno yake: ni ya kweli? ya staha? ya haki? safi? ya kupendeza? yenye sifa njema? Pembeni weka herufi moja. B ni kubakiza, P ni kupunguza, A ni kuacha.

Maneno mawili yanawapa watu shida, nitayakalia kidogo.

*Ya kweli.* Hapa mtu hujitetea: "Lakini mwalimu, ile ajali ilitokea kweli." Sawa, na ndiyo sababu orodha haikuishia kwenye neno la kwanza. Picha ya marehemu amelala barabarani ni ya kweli na haina staha. Yule ana mama. Ana watoto ambao labda wameipata ile picha kabla hawajapigiwa simu na ndugu. Ukiiangalia humsaidii chochote, na wewe unabaki nayo. Habari ya ajali unaweza kuijua kwa kuisoma au kuisikia redioni, ukawaombea waliofiwa, bila kuona damu yao.

*Ya kupendeza.* Watu wanadhani hili linakataza kila kinachosikitisha. Hapana. Biblia yenyewe ina vilio vingi. Filamu inayokuliza kwa sababu inakuonyesha mjane anavyodhulumiwa shamba yaweza kukutoa sebuleni ukiwa na huruma zaidi kuliko ulivyoingia. Mpe B. Tamthilia isiyo na tusi wala mtu aliye uchi, lakini kila sehemu inakufundisha kumhisi mume wako vibaya, ipe P au A hata kama mtaa mzima wanaiangalia.

Nimeulizwa sana kuhusu Bongo Fleva. Sina jibu moja kwa nyimbo zote, na sidhani lipo. Chukua wimbo mmoja mmoja, andika maneno yake kwenye karatasi bila mdundo, uyasome kwa sauti mbele ya yule mtu wako wa Jumapili. Ukishindwa kumaliza kusoma, umejua herufi ya kuandika.

Tahadhari: maudhui ya kidini nayo yaingie kwenye daftari

Hapa ndipo ninapogombana na wapendwa wengi, na nitasema waziwazi kwa sababu nimeona watu wakiumia. Karibu nusu ya wanaonijia hawana raha, kinachowasumbua kimeingia kwa mlango wa dini. Video za "unabii mzito" zenye muziki wa kutisha. Mhubiri anayemtaja mhubiri mwenzake kwa jina na kumvua nguo mbele ya watu. Mabishano ya usharika wa mbali ambao hujawahi hata kukanyaga. Ujumbe unaosema "tuma kwa watu 10 kabla ya saa 6 usiku upokee muujiza wako".

Kwa sababu jina la Yesu limetajwa, mtu anaona aibu kuzima. Tumia vipimo hivi.

Mafundisho ya siku za mwisho katika Biblia yanaishia wapi? Paulo alipomaliza kuwaeleza Wathesalonike kuhusu kuja kwa Bwana, aliwaambia: "Basi, farijianeni kwa maneno hayo" (1 Wathesalonike 4:18). Na Yesu alipozungumza juu ya vita na matetesi ya vita, aliongeza "angalieni, msitishwe" (Mathayo 24:6). Kama kila ukimaliza video za mtu fulani unabaki na hofu isiyokupeleka kwenye toba wala kwenye kazi yoyote njema, mwandikie A. Anayetaja tarehe ya kurudi kwa Bwana, hata usimpe dakika. Mathayo 24:36 imeshamjibu.

Watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe, na bado walikwenda kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo (Matendo 17:11). Ukisikiliza mahubiri mtandaoni, andika andiko moja lililotumika, kisha soma sura yote. Mahubiri mawili kwa wiki yaliyosomwa hivi yatakujenga kuliko kumi yaliyopita masikioni ukiwa unamenya vitunguu.

Na ule ujumbe wa watu 10: ufute. Mungu hatishii watoto wake kwa kuhesabu fowadi.

Hatua ya 3: Toa simu chumbani

Wiki ya 2 inaanza, na hii ndiyo hatua ya kwanza ya kubadilisha. Kama utafanya moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hii.

1. Chagua saa ya simu kwenda kulala. Napendekeza saa 3 usiku; ukishindwa, saa 3 na nusu.
2. Weka kengele ya dakika 10 kabla, ujibu ujumbe wa lazima na kuaga watu.
3. Weka simu kwenye chaji nje ya chumba. Mimi yangu hukaa jikoni, juu ya kabati la vyombo, karibu na kopo la chumvi.
4. Washa hali ya Usinisumbue. Ruhusu watu wachache tu waweze kukupata kwa simu ya kupigwa: wazazi, watoto, mgonjwa wenu. Iache sauti juu kiasi cha kuisikia ukiwa kitandani.
5. Weka saa ya mezani karibu na kitanda, na Biblia juu ya mto mchana kutwa, ili usiku usiweze kulala bila kuishika.
6. Soma zaburi moja. Kwa kuanzia tumia ya 4, ya 23, ya 91, ya 121, ya 131, ukizirudia. Usiruke ruke.

Asubuhi, simu ibaki pale pale mpaka umeshaomba na umeshanawa uso. Bwana wetu aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu akaomba (Marko 1:35), na Simoni na wenzake walipomkuta walimwambia watu wote wanamtafuta. Watu wote wanakutafuta na wewe. Watakukuta baada ya maombi.

*Kosa la kawaida:* kununua kifurushi cha usiku kwa sababu ni rahisi, kisha kukesha ili kisiishe bure. Bei yake unaiona kwenye bando tu. Asubuhi unailipa kazini. Kama una kitu cha kupakua, kipakue Jumamosi mchana kwa bando la kawaida.

Hatua ya 4: Panga magrupu na arifa

Tenga saa moja, kaa na mtu anayeijua simu kama wewe huijui.

1. Orodhesha magrupu yako yote ya WhatsApp. Mama mmoja nilimsaidia tukahesabu 43. Alidhani anayo 15.
2. Yagawe mafungu matatu: yanayokuhitaji wewe (familia ya karibu, kazini, jumuiya, darasa la mtoto), yasiyokuhitaji lakini huwezi kutoka bila ugomvi (ukoo, mliosoma nao), na mengine.
3. Ya fungu la tatu, toka leo. Andika sentensi moja ya heshima kama unaona haya: "Ndugu zangu, napunguza magrupu, tuendelee kuwasiliana kwa simu." Bonyeza toka.
4. Ya fungu la pili, bonyeza jina la grupu kwa muda, chagua kulinyamazisha daima, kisha liweke kwenye kumbukumbu ili lisionekane juu. Lipitie mara moja kwa siku, saa uliyochagua. Misiba na michango hutaikosa. Mwombe ndugu mmoja akupigie likitokea jambo.
5. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa kiotomatiki wa picha na video. Tangu hapo hakuna klipu itakayojifungua yenyewe. Itakaa ukungu mpaka uiguse. Hii pekee ingenisaidia Jumanne ile.
6. Kwenye faragha, ruhusu watu uliowahifadhi tu ndio waweze kukuongeza kwenye magrupu.
7. Status za mtu zinazokuachia wivu au hasira, zinyamazishe. Bonyeza status yake kwa muda, utaona chaguo hilo. Hataambiwa. Unaendelea kumpenda na kumsalimia kama kawaida.
8. Arifa za programu nyingine zote zizime, bakiza simu, ujumbe mfupi, na za pesa.

Kwa YouTube, zima uchezaji wa kiotomatiki, halafu zima historia ya kutazama na kufuta iliyopo. Ukurasa wa mwanzo utabaki mtupu, na utalazimika kutafuta kwa jina unachokitaka. Huo utupu ni zawadi. Kwa TikTok na zinazofanana nayo, kila inapokuja video isiyofaa, ibonyeze kwa muda useme hupendezwi nayo, na usiimalize kuiangalia. Programu hizi husoma mahali ulipokawia, hata ulipokawia kwa hasira. Ukikaa dakika 1 kuishangaa video chafu, umeomba nyingine.

Hatua ya 5: Habari ziwe na saa yake

Mkristo asiyejua kinachoendelea nchini kwake atawaombeaje wenye mamlaka, kama 1 Timotheo 2 inavyotuagiza? Kwa hiyo sikushauri uache habari. Chagua taarifa moja kwa siku, ya redio au runinga, ya chombo chenye wahariri, na gazeti moja kwa wiki. Ukiweza, iwe asubuhi au jioni mapema. Kama nyumbani kwenu taarifa ya saa 2 usiku ni desturi isiyovunjika, iangalieni, kisha zimeni, mzungumze, mle, muimbe wimbo mmoja kabla ya kulala. Habari isiwe kitu cha mwisho kuingia masikioni.

Ukimaliza, chagua mambo mawili uliyosikia, uyaombee kwa kuyataja. Usiombe kwa ujumla "Bwana uponye dunia". Sema: Bwana, wale wa mafuriko, waliolala shuleni jana, wape chakula leo. Wanaoniambia hofu yao ilipungua, wengi wanataja zoezi hili dogo kuliko yote mengine.

Hatua ya 6: Jaza mahali ulipofungua

Wiki ya 3. Sasa una muda ambao hukuwa nao, na usipoujaza utajazwa. Yesu alisimulia pepo aliyetoka akarudi akaikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, akaleta wengine saba wabaya kuliko yeye (Luka 11:24–26). Nimeona vijana waliofuta kila kitu kwa ushujaa Jumatatu, Alhamisi wamerudi maradufu.

Andika saa zako tatu za hatari (ziko kwenye daftari), na kwa kila moja kitu kimoja cha mikono au cha watu. Mmoja wa vijana wangu, saa yake mbaya ilikuwa kwenye daladala akitoka chuo. Alianza kukariri mistari aliyoiandika kwenye kipande cha karatasi, mmoja kwa wiki. Yule mjane aliamua saa 2 hadi saa 3 usiku awe anawapigia dada zake, mmoja kila siku, kwa sauti, siyo ujumbe. Mwingine alirudi kwenye mazoezi ya kwaya. Usichague kitu kikubwa. "Nitasoma Biblia kwa muda wa saa 2 kila siku" hudumu siku 3.

Kimya nacho ni kitu cha kuwekea nafasi. Pika bila redio mara mbili kwa wiki. Siku za kwanza mawazo yatapiga kelele; yaache yapite, uyataje mbele za Mungu yanapokuja.

Hatua ya 7: Kabla ya kusambaza

Simu yako ikituma, unaingia kwenye moyo wa mtu mwingine. Kutoka 23:1 inakataza kuvumisha habari za uongo, na nchini Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inamgusa anayechapisha taarifa anayojua ni ya uongo. Jiulize matatu kabla ya kubonyeza: nani aliyeiandika kwanza? Imetokea lini? Huyu ninayemtumia inamfaa nini? Ukikosa jibu la mojawapo, inaishia kwako.

Kwenye WhatsApp, ukiona alama ya mishale miwili, ujue ujumbe umepitia mikono mingi. Uache kwa saa 24. Ukigundua ulishatuma uongo, rudi kwenye grupu lile lile useme: "Ile niliyotuma jana si kweli, naomba radhi." Inauma mara moja, na baada ya hapo utakuwa mwangalifu kuliko sheria yoyote ingekufanya.

Hatua ya 8: Nyumba nzima

Usianze na watoto. Mtoto akiona baba ana simu mezani huku anamkataza yeye, amejifunza kuficha. Anza wewe wiki 3, kisha wiki ya 4 waite wote, pamoja na dada wa kazi na bibi kama yupo, mkubaliane mambo matatu tu: simu zote zinalala jikoni, hakuna simu wakati wa kula, na runinga inawashwa kwa kipindi kilichochaguliwa, siyo kuwashwa tu ili kuwe na sauti ndani. Bibi naye aseme anachotaka. Kwenye nyumba moja bibi ndiye aliyeomba katuni zipunguzwe sauti ili aweze kuwasimulia wajukuu hadithi, na hakuna aliyekuwa amewaza kumuuliza.

Watoto wadogo wakiona kitu kibaya kwa bahati mbaya, usipige kelele. Uliza wameona nini, wakumbatie, omba nao. Ukigomba, safari ijayo hawatakuambia.

Kama kinachokusumbua ni picha za ngono

Hapa herufi P haipo, ni A. Na usipigane peke yako. Mwambie mchungaji wako, au Mkristo mkomavu wa jinsia yako, wiki hii, kwa mdomo. Hatua ya 3 uifuate bila kulegeza, washa utafutaji salama kwenye Google na umpe huyo mtu nywila aiweke yeye pale inapowezekana, na kama programu fulani ndiyo mlango, ifute. Ukianguka, mwambie siku hiyo hiyo, kabla aibu haijakuambia unyamaze mwezi.

Ukikwama

*"Biashara yangu yote iko WhatsApp."* Weka saa za duka, mfano saa 2 asubuhi hadi saa 1 jioni, uziandike kwenye wasifu wako. Wateja wanaizoea haraka. Ukiweza, laini ya biashara iwe kwenye simu ya pili, na hiyo ilale dukani.

*"Nimetoa simu chumbani, na bado silali."* Siku 4 au 5 za kwanza ni kawaida. Usiamke kuifuata. Washa taa, soma zaburi yako, andika kwenye daftari kinachozunguka kichwani, lala tena. Angalia pia chai ya rangi ya jioni na usingizi wa mchana.

*"Picha niliyoiona hainitoki."* Kuilazimisha itoke huifanya ikae. Ikija, sema kwa sauti: "Hiyo niliiona, Bwana, wahurumie wale watu," kisha fanya kitu cha mikono, fagia, osha vyombo. Mweleze mtu mmoja ulichoona. Ukikaa nayo peke yako inakua.

*"Ndugu wamekasirika nimetoka kwenye grupu."* Mpigie aliyekasirika zaidi. Dakika 5 za sauti yako zitamtuliza kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

*"Mume wangu hataki."* Usimhubirie. Fanya yako, chaji simu yako jikoni. Wengine walifuata baada ya miezi, wengine bado. Amani yako haimsubiri yeye.

*"Nimefanya yote, lakini moyo uko mzito tu."* Kama kwa wiki 2 au zaidi hulali, huli, hufurahii hata vitu ulivyovipenda, au unawaza kwamba heri usingekuwepo, hili limeshatoka kwenye mambo ya simu. Nenda hospitali, uombe kuonana na daktari wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa ni pa kuanzia, na ukiwa na wazo la kujidhuru nenda leo, na mtu. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akarudi mara ya pili na chakula (1 Wafalme 19:4–8). Maombi na dawa havigombani.

*"Nilifanya vizuri wiki 2, nimerudi kule kule."* Usisubiri Jumatatu. Fungua daftari, andika saa, kitu, dakika, na ulivyobaki. Mtumie ujumbe mtu wako wa Jumapili: "Nimeanguka, nimeanza tena." Kisha ipeleke simu jikoni, hata kama ni saa 10 jioni.